Kifaa Kilichopanda Matatu

Kifaa cha kwanza nilichotengeneza kwa mikono yangu kilivunjika kabla hakijagusa gari. Ilikuwa mwaka 1982, nina miaka kumi na minane, niko kibarua katika gereji ya mabati mjini Embu. Nilikata kipande cha springi ya lori, nikakiponda kikawa patasi, nikakiweka kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, kisha nikakitumbukiza kwenye debe la maji. Kililia, nami nikafurahi. Nyundo ya kwanza tu, kikapasuka vipande viwili, kimoja kikapita karibu na sikio langu.

Fundi mkuu, mzee wa Mbeere asiyependa maneno mengi, aliokota kipande na kunionyesha mahali kilipokatikia. Palikuwa na chembe kubwa kubwa zinazometameta kama sukari. "Kijana, umekichoma kupita kiasi," akasema. "Na chuma cha springi hakiogi maji, kinaoga oili." Jioni hiyo alinifundisha kukizimisha kwenye oili kuukuu, kukisugua king'ae, kisha kukipasha tena polepole macho yakiwa kwenye rangi. Ikifika rangi ya majani makavu, hiyo ni patasi. Ikipita hapo ikawa ya buluu, hicho ni kitu cha kupinda na kurudi. Sijawahi kumiliki kipimajoto. Rangi hizo mbili zimenilisha miaka arobaini.

Siku zile Peugeot 504 ndiyo iliyokuwa gari. Ilibeba walimu, abiria, kahawa na maiti. Na injini yake ina siri moja inayomtesa fundi asiye na vifaa: slivu zake, yaani ile mirija minene ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikushikamana na bloku. Zimesimama tu ndani ya maji, zimekalia sili nyembamba huko chini, na silinda hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukifungua hedi kisha ukazungusha kranki kwa kusahau, slivu inanyanyuka unywele mmoja, sili inaachia, na baada ya wiki mteja anarudi na oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Kiwandani walikuwa na vifaa rasmi vya kuzibana slivu hizo na vya kuzing'oa. Vilikuwa pia kwenye kitabu cha mtihani wa gredi za ufundi, vimechorwa vizuri sana. Nilipita mtihani huo kwa kutaja majina ya vifaa ambavyo sikuwahi kuviona kwa macho. Ilibidi tujitengenezee. Kibanio kilikuwa boliti na washa nene, basi. Pula ya kung'olea ndiyo iliyokuwa na kazi: skurubu kutoka kwenye jeki iliyokufa, daraja la chuma cha U, na kisahani kinachoingia chini ya slivu na kuishika ukingoni.

Kisahani hicho nilichorewa na mwalimu wa fizikia. Alikuwa mmoja wa wale tuliowaita mafundi wa Jumamosi, watu wenye kazi zao ambao wikendi huvua tai na kulala chini ya magari yao wenyewe. Tulikuwa nao wengi: karani wa hospitali, mpimaji wa ardhi, fundi mitambo wa kiwanda cha kahawa. Mafundi wenzangu waliwaona kama wezi wa wateja. Mimi niliwapenda, kwa sababu fundi wa kulipwa huharakisha, lakini wa Jumamosi huuliza kwa nini. Mwalimu yule alikuwa mgonjwa wa mashindano ya magari ya Safari Rally. Alikuwa akikueleza kwamba mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa Peugeot 404. Kisha angekaa kimya kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha.

Alinichorea kisahani kwenye karatasi ya miraba, akanikumbusha kwamba injini ni mbili. Ile ndogo ya cc 1796 ina kipenyo cha milimita 84, na ile ya cc 1971 ni 88. Kwa hiyo visahani viwili. Nilivipeleka kwa fundi wa kukereza, nikavipaka rangi ya kijani, na habari zikasambaa kwa njia ambayo habari husambaa kwa mafundi, yaani kupitia makondakta.

Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Labda nguo. Pula ile iliwasitiri watu kuanzia Runyenjes hadi Nkubu. Mtu aliyeihitaji alituma neno na matatu, nami nikaifunga kwenye gunia, nikampa kondakta, ikasafiri chini ya kiti cha nyuma kupitia Chuka na Chogoria kama mama anayekwenda kutembelea binti yake. Sikutoza pesa. Masharti yalikuwa mawili: irudi imepakwa grisi, na aliyeitumia aniambie ilimshinda wapi. Sharti la pili ndilo lililokuwa malipo. Jamaa wa Chogoria alinitumia salamu za hasira kwamba kifaa changu ni takataka, kinatoka peke yake bila slivu. Alikuwa amechukua kisahani cha 84 kwa injini ya 88, kikapita ndani kama pete ya mzee kwenye kidole cha mtoto. Nikapiga muhuri wa namba kwa patasi juu ya kila kimoja. Rafiki yangu wa Nkubu hakusema neno. Pula ilirudi kutoka kwake ikiwa na beringi kuukuu ya klachi chini ya nati. "Baite, sasa jaribu," alikuwa ameandika kwenye kipande cha pakiti ya sigara. Kazi iliyohitaji wanaume wawili na bomba la kuongeza urefu wa spana ikawa ya mkono mmoja.

Niseme sasa lile ambalo huwa silisemi kwa hiari.

Mwaka 1991 nilitengeneza kibanio cha springi za mbele. Fimbo mbili zenye hesi na ndoano nne nilizozichomelea kwa weldi. Springi iliyobanwa si mchezo, ina uzito wa gari ndani yake. Ndoano moja mshono wake ulikuwa na vitundu vitundu, nao niliuona. Lakini mimi kila nilipokitumia nilizungushia springi mnyororo, na sikuwahi kusimama mbele yake, kwa hiyo sikujali. Karani mmoja wa Chuka akakiazima. Nilimpa kibanio, mnyororo nikauacha ukutani.

Ndoano iliachia. Springi ilimpiga mfupa wa bega ukavunjika. Nilipokwenda kumwona hospitalini hakunilaumu, aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa: "Fundi, ulijua?" Nikamjibu kwamba nilijua. Sijui kama alitaka jibu hilo, lakini hakukuwa na jingine.

Kifaa cha dukani kina kitabu chake. Cha kujitengenezea kitabu chake kimo kichwani mwa aliyekitengeneza: kinashika wapi, kinateleza wapi, usisimame wapi. Nilikuwa nikiazimisha chuma na kubaki na kitabu. Kibanio kile nilikikatakata kwa msumeno siku ileile. Kipya nilikitengeneza kwa ndoano zilizopindwa kwa moto kutoka chuma kimoja, bila weldi, mnyororo umefungwa humo humo. Na hicho hakikupanda matatu tena peke yake. Aliyekitaka alikuja akajifunza kwangu, au nilikwenda nacho, hata kama nauli ilizidi kazi yenyewe. Mafundi wenzangu walinicheka, wengine wanacheka hadi leo.

Mwaka 1992 serikali ilitoa sera yake kuhusu sisi mafundi wa jua kali. Tuliisikia redioni tukiwa chini ya magari. Miaka michache baadaye nilirudi kwetu Meru, nikafungua kibanda Makutano. Huko mabwana walikuwa Hilux za miraa, zinazotoka Maua zikikimbizana na saa ili mzigo ufike uwanja wa ndege Nairobi ukiwa bado mbichi. Dereva wa miraa hasemi "kesho". Kwa hao nilikuwa na pula za kila aina zinaning'inia ukutani. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, ukuta wangu ulinyamaza. Hilux zikapungua, Probox zikaongezeka.

Probox haina makuu. Beringi ya mbele unaiingiza kwa fimbo yenye hesi na ringi ya nje ya beringi ile iliyokufa, ukiisaga ubavuni kidogo tu ili isikwame humo ndani. Ujanja huo nimewapa vijana wengi bila masharti, maana hauwezi kumvunja mtu bega. Kompyuta ya kusoma hitilafu ndiyo iliyonishinda. Hiyo huwezi kuichonga kwenye springi ya lori, na kijana aliye nayo anatoza kwa kila gari. Simlaumu, aliinunua kwa mkopo.

Kisahani cha 84 ninacho, kiko kwenye mkebe wa rangi juu ya kabati. Cha 88 kilipanda matatu kwenda Runyenjes mwaka 2003 na hakikurudi. Ukikiona, ni cha kijani, kina namba kwa juu na kovu la patasi ubavuni. Mpe kondakta yeyote wa Meru, mwambie Makutano. Nauli nitalipa mimi. Na uniambie kilikushinda wapi.