Kikohozi Kilichobaki Mjini

Mjukuu wetu wa miaka 3 alipoletwa hapa Bugwema mwezi wa Aprili, alikuwa akikohoa usiku hadi anatapika. Wazazi wake wamepanga nyumba Musoma mjini, na chupa 4 za dawa zilikuwa zimekwisha bila nafuu. Tulimsikiliza kifua, tukauliza habari za homa, chakula na chanjo. Hatukupata kitu. Tuliona aibu, kwani uuguzi ndiyo kazi yetu, na kanisani ndio sisi tunaofundisha akina mama afya ya mtoto.

Baada ya wiki 2 kikohozi kilikwisha chenyewe. Tulimshukuru Mungu, tukasifu hewa ya shamba na uji wa ulezi, naye akarudishwa mjini. Siku ya tano binti yetu akapiga simu: mtoto anakohoa tena.

Hapo macho yakatufunguka. Tuliuliza amekula nini, hatukuuliza analala wapi. Mtoto akipona akiwa mbali na kuugua akirudi, nyumba nayo ichunguzwe.

Tulipanda gari siku iliyofuata. Ilikuwapo shida ambayo wewe mama msomaji utaielewa. Mtoto alilala chumbani kwa wazazi wake, na kwetu mkwe haingii chumba cha mkwewe. Nyumba ile tumefika mara nyingi tukaishia sebuleni. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua, hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe mkwe wetu mwenyewe akasimama, akasema akitazama chini, "Mama, ingia tu. Ni kwa ajili ya mtoto."

Harufu ilitupokea mlangoni, kama ya magunia yaliyolowa. Nyuma ya kabati la nguo, chini ya kiyoyozi, ukuta ulikuwa na ukungu mweusi upana wa khanga. (Musoma si Dar es Salaam kwa joto, lakini chumba kile kina dirisha moja dogo.) Binti alisema wamepaka rangi mara mbili na doa likarudi. Alidhani ni maji ya masika.

Fundi alifungua kiyoyozi akatuonyesha. Kinapopoza hewa, mvuke uliomo hugeuka maji, kama yale yanayotokea nje ya chupa ya soda baridi. Maji huangukia kwenye trei ndogo ndani yake, yakatoka nje kwa bomba jembamba la plastiki. Bomba hilo lilizibwa na vumbi na utelezi, basi maji yakarudi ndani na kuteremka ukutani tone kwa tone. Penye unyevu ukungu huweza kuanza kuota kwa siku moja au mbili tu. Mbegu zake, ambazo hazionekani kwa macho, huruka hewani, na mtoto mwenye kifua chepesi akizivuta hukohoa, hata kubanwa.

Kwanza bomba lilizibuliwa, kwani kusugua ukuta unaoendelea kulowa ni kujichosha bure. Mtoto alipelekwa kwa jirani. Tukafungua dirisha, tukavaa barakoa na glovu, tukasugua kwa maji na sabuni ya unga, tukaacha pakauke kabisa. Binti alitaka kuchanganya dawa ya klorini na siki ili iwe kali zaidi. Tukamshika mkono, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Mgongo wa kabati, wa plaiwudi, ulikuwa umeoza, tukautupa. Godoro la mtoto nalo likatupwa. Hilo lilimuuma sana binti, lilikuwa bado jipya, lakini ukungu ukishaingia ndani ya sponji hautoki kwa kufua.

Kikohozi hakikukoma siku ile. Kilichukua karibu wiki 3 kupungua, na daktari bado anamwangalia kwa ajili ya pumu.

Mkwe wetu ameweka ndoo nje, chini ya lile bomba. Kiyoyozi kikilala kimewashwa, asubuhi binti huitazama. Ikiwa na maji, humwagilia mchicha wake. Juma lililopita aliikuta kavu, akamtafuta fundi kabla hata hajawasha jiko.