Santuri ya Kwanza Uzeeni

Kuna kauli ambayo imerudiwa hata ikakubaliwa bila hoja: kwamba wimbo ni mali ya ujana. Mwimbaji, husemwa, hupewa miaka kumi ya moto, kisha iliyobaki huota majivu. Sisi watunzi wa mashairi nasi hatukusalimika. Mchapishaji mmoja niliyempelekea mswada wangu aliupima mkononi kama apimaye kilo ya mchele, akaniuliza umri wangu, kisha akasema kwa upole kwamba siku hizi wanatafuta sauti mpya. Nilimshukuru nikaondoka. Tangu siku ile swali halijaniacha: sauti huwa mpya kwa sababu ya umri wa koo, au kwa sababu haijapata kusikika?

Wanaoipinga kauli hiyo hupenda kuzitolea mfano bendi kongwe za roki. Rolling Stones, iliyoundwa London mwaka 1962, ilitoa albamu ya Hackney Diamonds mwaka 2023, nayo ikapokewa kwa sifa. Bob Dylan alitoa Time Out of Mind mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 56, na wengi huihesabu miongoni mwa kazi zake bora. Mifano hiyo ni mizuri, ila kwetu haitoshi. Watu hao walikuwa na kabati zima la santuri nyuma yao, na albamu ya uzeeni kwao ilikuwa marejeo. Kwa wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo ya kwanza.

Nalisema hili kwa kuwa nilizaliwa Tabora, mwaka 1968, mtoto wa karani wa reli. Msomaji wa visiwani anaufahamu mji wetu, japo hajaufika, maana njia ya misafara iliuunganisha na mlango wa nyumba yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe kabla ya kuelekea Ujiji, au kukata kaskazini kwenda Ziwa Nyanza. Pembe za ndovu na wanadamu waliotiwa utumwani walipitishwa hapo kuteremshwa Pwani na Unguja, na machozi ya njia ile hayajakauka. Lakini njia hiyohiyo ilipandisha lugha hii ninayoiandika, na wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa nyimbo, mzigo begani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa nyayo zao.

Muziki wa dansi nao ulikuja kwa njia hiyo, kutoka pande mbili: rumba ya Kongo kwa upande wa ziwa, na mitindo ya Dar es Salaam kwa upande wa bahari. Mji wetu, uliokuwa katikati, ukazaa bendi tatu ambazo majina yao hayajasahaulika: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Nikiwa mtoto, nyimbo za Tabora Jazz zilitoka redioni jioni, na watu wazima walinyamaza kuzisikiliza kama wanaosikiliza barua kutoka kwa ndugu. Dada Asha, utunzi wa Shem Karenga, niliujua wote kabla sijaujua ubeti mmoja wa shairi lolote.

Lakini albamu iko wapi? Hapana budi kueleza mambo yalivyokwenda. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi katika studio yake, na mikanda ikabaki ya redio. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, akarudi na sahani ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, au wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na mlango huo nao ukawa mgumu. Mara nyingi hata magitaa hayakuwa ya wapigaji. Yalikuwa ya mwenye bendi au ya taasisi, na mtu akiacha kazi huondoka na vidole vyake tu. Ndivyo ilivyokuwa mwanamuziki kupiga muziki miaka thelathini, akajulikana na nchi nzima, asiwe na kitu cha kuweka mezani na kusema: hii ndiyo kazi yangu.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Shikamoo Jazz. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam mwaka 1993, kwa msaada wa shirika la HelpAge International linalowahudumia wazee, na wapigaji wake walikuwa maveterani wa bendi za zamani. Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, yule aliyevuma na Kiko Kids ya Tabora. Jina lao lilikuwa salamu na mzaha kwa pamoja: waliobeba jina la Shikamoo ndio waliostahili kuamkiwa. Mwaka 1995 walikwenda Uingereza, na albamu yao Chela Chela ikatolewa na kampuni ya RetroAfric ya London.

Nilipoipata albamu hiyo, miaka mingi baadaye, nilitarajia kusikia kumbukumbu. Nilichosikia kilikuwa kazi. Magitaa hayakimbilii popote. Saksofoni inaingia, inasema neno lake, inatoka, wala hairudi kudai sifa. Kijana akipiga wimbo wa mapenzi hukuomba umwamini. Mzee akiupiga anakuarifu tu kilichotokea. Ni tofauti ninayoijua kutoka katika mizani za shairi. Nilipokuwa na miaka ishirini nilijaza mizani kumi na sita kila mshororo kwa hofu ya pengo. Sasa najua mizani huhesabiwa kwa vidole, lakini kituo husikika kwa pumzi, na pumzi haifundishiki upesi.

Visiwani mna ushahidi mkubwa zaidi. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kilipotimiza miaka mia moja, mwaka 2005, kilipewa albamu nzima kuwa juzuu ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, ambaye husimuliwa kuwa alilitembea bara kwa miguu ujanani mwake, albamu iliyobeba jina lake ilimfikia uzeeni kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tuzo ya WOMEX akapewa mwaka 2005, akafariki mwaka 2013. Jungu kuu halikosi ukoko, wahenga walisema. Kwa Bi Kidude, wageni walikula ukoko kwanza, ndipo wakaulizia wali.

Wapo wanaoguna. Husema albamu hizi ni kwa masikio ya wageni, kama ilivyokuwa Buena Vista Social Club, iliyorekodiwa Havana mwaka 1996 kwa kampuni ya London, na kumpeleka Compay Segundo duniani akikaribia miaka tisini. Siwezi kulikataa lalamiko hilo lote, maana Chela Chela ilikuwa rahisi kuipata London kuliko Tabora. Lakini lalamiko hilo linamwangalia mnunuzi, nami namwangalia mpigaji. Mzee aliyeketi mbele ya kipaza sauti hakuwa akimpigia mgeni peke yake. Alikuwa akiikamilisha sentensi aliyoianza kabla ya uhuru.

Kinachonisumbua ni kingine. Albamu ya uzeeni huhitaji mtu afike na kipaza sauti kabla ya kifo, na kwa wengi hakufika mtu. Shem Karenga aliendelea na muziki Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2014. Wanaoujua wimbo wake ni wengi kuliko wanaolijua jina lake. Wapo wapigaji wa Nyanyembe Jazz ambao sauti zao zimebaki katika mikanda ya redio peke yake, na mkanda nao huchakaa. Ng'ombe hazeeki maini, ni kweli, lakini ng'ombe hufa.

Nilijifundisha Kiingereza kwa kamusi na tochi, na kazi ya kutafsiri ndiyo iliyonilisha. Miongoni mwa niliowatafsiri yumo Thomas Hardy, aliyezaliwa mwaka 1840, akasifika kwa riwaya, na diwani yake ya kwanza ikatoka mwaka 1898, akiwa na miaka 58. Mashairi mengine humo aliyatunga ujanani, akayaweka. Aliendelea kutunga hadi alipokufa mwaka 1928, na leo wako wanaomweka mshairi mbele ya mwanariwaya. Nilipokuwa nikimtafsiri sikumwona kuwa mzee aliyechelewa. Nilimwona kama Zahoro: mtu aliyesubiri studio.

Basi mswada wangu nimeutoa tena mtotoni. Nimeyafuta mashairi kumi na moja yaliyokuwa yakipiga kelele, na nimeyaacha yaliyotulia. Nitaupeleka kwingine, na nikiulizwa umri nitautaja bila kunong'ona. Ila nina ombi kwa wasomaji wa kurasa hizi, mlio wapenzi wa tungo. Katika kila mtaa, kutoka Ng'ambo hadi Ujiji, yuko mzee mwenye daftari la mashairi au gita lisilo na nyuzi mbili. Msimwulize alikuwa nani zamani. Mpeni nyuzi, mwambieni aanze, na wekeni kinasa sauti mezani.