Nilimwambia Aache Utoto

Nikwambie ukweli, mpenzi msomaji, kuna neno nililomwambia mdogo wangu ambalo mpaka leo natamani ningelimeza.

Alikuwa ameacha kazi ya mshahara ili achore katuni. Aliponiletea ukurasa wake wa kwanza, mimi mhariri mzima na digrii yangu ya mawasiliano, niliuangalia nusu dakika tu. "Una miaka ishirini na nane," nikamwambia, "acha utoto." Hakujibu. Alikunja karatasi yake, akaaga. Miezi sita tukawa watu wa meseji za sikukuu.

Siku aliyorudi alinionyesha kazi ya mchora katuni Daniel Parada, inayoitwa Zotz. Katika lugha za Kimaya, neno hilo maana yake popo. Ni hadithi ya Amerika ya Kati ambayo Wahispania hawakuiteka, na michoro yake imechota kwenye sanaa ya kale ya Wamaya na majirani zao: manyoya, vito, nyuso za pembeni.

"Dada, huyu kajifunza kwa waliochora kabla yetu sote," akasema. Kisha akafungua picha za vyombo vya udongo.

Jamani! Kimoja, kilichopo makumbusho ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kilichorwa kati ya mwaka 670 na 750. Mungu mzee kakaa kwenye jumba lake, kazungukwa na wanawake watano. Mmoja anamimina kinywaji cha kakao kutoka juu ili kitoe povu. Chini kuna sungura anaandika kitabu. Zungusha chombo: mateka anakatwa kichwa! Rudi upande wa pili: mwanamke mmoja anamgusa mwenzake mguuni, kama vile anamwambia, "Shoga, geuka uone."

Kwenye chombo kingine, sungura kamwibia mungu huyo huyo nguo na kofia, na juu anamtukana. Maneno yao yameunganishwa na midomo kwa mistari myembamba, sawasawa na vibonzo vya leo. Miaka zaidi ya 1,200 iliyopita! Nami nilidhani sungura mjanja ni wa bibi yangu peke yake.

Lakini kilichoniumiza ni habari ya Aj Maxam. Alikuwa mchoraji wa Naranjo, Guatemala ya leo, katika karne ya 8. Baba yake mfalme, mama yake binti wa ukoo wa kifalme wa Yaxha. Mtoto wa ikulu, anachora vyombo na kuweka jina lake bila aibu. Mdogo wangu, kwetu, aliambiwa aache utoto.

"Ule ukurasa uko wapi?" nikamuuliza.

"Niliuchana."

Nilinyamaza. Digrii haikunisaidia. Mwishowe nikasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Uchore tena, nitausoma wote."

Aliuchora upya. Mara hii nilikaa nao jioni nzima, na nilimrudishia na makosa mawili ya herufi. Akacheka: "Angalau umesoma."

Na wewe je? Nyumbani kwako kuna mtu ana daftari analificha ukiingia? Usimsifie uongo. Kaa chini, muombe akuonyeshe, na usome mpaka mwisho.