Ahsante kwa Lipi?

Maalim wetu wa chuoni, hapa Gombani, hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Ukikosea aya alinyamaza, na kimya chake kiliuma kuliko bakora. Ukiisoma sawasawa, kila herufi mahali pake, alitamka neno moja tu: “Ahsanta.” Nikiwa mtoto nilidhani ananishukuru, nikastaajabu: anishukuru kwa lipi, ilhali mimi ndiye ninayefunzwa?

Hakuwa akinishukuru. Ahsanta ni kitenzi cha Kiarabu pamoja na mtendaji wake, maana yake “umefanya vyema”. Chatoka katika mzizi uleule uliotupa hisani na ihsani, na majina ya Hassan na Hussein. Kwa Waarabu huambiwa mwanamume mmoja. Mwanamke huambiwa ahsanti, na wengi ahsantum. Sisi tulizitupa tofauti hizo, likawa ahsante kwa kila mtu. Kisha tukalipachika -ni yetu tukapata ahsanteni, neno ambalo Mwarabu hawezi tena kulidai kuwa lake. Katika safari hiyo maana nayo ilihama, sifa ikageuka shukrani. Asemaye ahsanta ameipima kazi akaiona imetimia. Asemaye ahsante amepewa kitu.

Sina ugomvi na lugha inayobadilika. Kama kila neno lingelazimishwa kurudi kwao, tungebaki mabubu. Na hapa hapa Gombani, uwanjani, kupima hakujatushinda: mchezaji akicheza vyema husifiwa, akipoteza penalti husikia yake, na hapana anayemshukuru kwa kuvaa jezi.

Tukitoka uwanjani tukaingia afisini, mambo ni mengine. Mwaka jana nilifuatilia cheti cha mwanangu katika afisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Nilikwenda mara nne. Siku ya nne kijana aliyekaa dirishani, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinisukumia karatasi bila ya kuinua uso. Nikasema ahsante. Nikairudia, nikaongeza na dua. Ni mimi huyu, ninayesimama darasani kila muhula nikifundisha kwamba huduma ni haki ya raia na mshahara wa mtumishi hutoka katika kodi yake.

Nataka watumishi wa umma wanaonisoma wanielewe. Wapo wanaostahili ahsanta ya maalim wangu, na hao ndio tunaowadhulumu, kwa kuwa twawapa neno lile lile tunalompa aliyetuzungusha wiki nzima. Neno linalotolewa kwa wote halimpimi yeyote.

Nyuma yangu alikuwapo bibi mmoja aliyetoka shamba na mapema. Kijana alimwambia faili lake halijaonekana, arudi Jumatatu.

“Ahsante, mwanangu,” akasema bibi, akazifunga karatasi zake katika pindo la kanga, akatoka kutafuta gari ya kurudi kwao.