Kondo la Nyuma Jikoni

Portland ni mji wa mvua nyembamba ambayo hakuna anayeikimbia. Umekaa kando ya mto Willamette, katika jimbo la Oregon, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na madaraja yake ni mengi kiasi kwamba mtu akikuelekeza njia huanza na jina la daraja. Nyumba ni za mbao, zina baraza yenye ngazi mbele na bustani nyuma. Watu wanafuga kuku katikati ya jiji, wanaoka mikate yao, wanaendesha baiskeli mvuani na mtoto kakaa kiti cha nyuma. Mtu wa Tanga akisikia jogoo analegea moyo kidogo, mpaka aone banda la kuku hao: lina dirisha la kioo, na kila kuku jina lake limeandikwa mlangoni.

Nilikuwa mgeni wa binti wa dada yangu, muuguzi aliyeolewa huko. Nyumba ya pili kutoka kwake anakaa mwalimu wa shule ya msingi na mumewe, na siku zile mwalimu alikuwa ametoka tu hospitali na mtoto wa kike. Nikachukua khanga moja katika nilizokuja nazo, tukaenda kumpa hongera. Tulimkuta kwenye kochi, nywele mbichi, mtoto kifuani, hakuna mtu mwingine isipokuwa mume aliyekuwa akihangaika na nepi. Tukaambiwa tufungue friji tuchague kinywaji wenyewe. Kwenye rafu ya chini, kando ya jibini na karoti, palikuwa na ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko, karatasi ya hospitali imebandikwa juu yake.

"Mama mdogo, hiyo iache," mwanangu akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Ni kondo lake la nyuma. Kesho anakuja mtu kulitengeneza."

"Kulitengeneza liwe nini?"

"Dawa. Atalila."

Kondo lile lilikuwa limetoka hospitali kwa njia halali kabisa. Tangu mwaka 2014 Oregon ina sheria inayomruhusu mama kuondoka na kondo lake. Hawaii walitangulia mwaka 2006, kwa sababu wenyeji wa asili wa visiwa vile walitaka kulizika kwa mila zao, na Texas walipitisha sheria yao mwaka 2015. Mama anatia saini fomu, anapewa ndoo, mume anaibeba ndani ya deli lenye barafu mpaka nyumbani.

Kesho yake mwalimu mwenyewe alinialika nikaangalie, kwa uso mkunjufu, kama mtu anayekualika kuangalia anavyopika. Mtengenezaji alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja na masanduku mawili ya vifaa. Alivaa aproni na glavu, akapangusa meza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, akatandika plastiki, akamimina kilichomo ndooni kwenye bakuli la chuma. Mimi nimezaa, na langu sijawahi kuliona. Kumbe ni kitu kizito, nusu kilo hivi, cha mviringo, kipana kupita kiganja kilichokunjuliwa. Upande uliokuwa umeshika tumbo la mama ni mwekundu wa kuiva, umegawanyika mafungu mafungu, ukiutazama ni maini matupu. Upande wa mtoto unang'aa, umefunikwa utando laini, na mishipa ya rangi ya samawati inaanzia penye kitovu na kutawanyika hadi ukingoni.

Upande huo wa mishipa aliukandamiza juu ya karatasi nene nyeupe, na damu ikaacha chapa: shina, matawi, vitawi. Wanaiita mti wa uzima, na itatiwa fremu itundikwe chumbani kwa mtoto. Kitovu alikikata, akakipinda umbo la moyo, akakiweka kwenye trei kikauke kiwe kumbukumbu. Kondo lenyewe alilisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akalipika kwa mvuke pamoja na tangawizi, limau na pilipili. Jikoni pakanuka nyama na tangawizi, na mbwa wa nyumba akaja kulala kizingitini. Lilipopoa akalikata vipande vyembamba, akavipanga kwenye mashine ya kukaushia matunda, akaaga. Asubuhi alirudi, akavisaga vikawa unga wa kahawia, akaujaza kwenye kapsuli kwa ubao wenye matundu. Zilipatikana zaidi ya mia, ndani ya chupa ya kioo yenye lebo iliyoandikwa kwa mkono. Ada ya kazi hiyo ni dola mia kadhaa, na mwenye kazi hakosi wateja.

Nilimwuliza mwalimu kapsuli zinasaidia nini. Alihesabu kwa vidole: zinaleta maziwa, zinarudisha damu iliyopotea, zinampa mama nguvu, zinamkinga na ile huzuni inayowapata wazazi siku za mwanzo. Alisema pia kwamba ni dawa ya kale ya Wachina. Hapo pana ukweli nusu. Matabibu wa Kichina kweli walikausha kondo na kulitumia, na Li Shizhen alilitaja katika kitabu chake kikubwa cha dawa cha karne ya 16. Lakini walimpa mgonjwa yeyote aliyedhoofika. Haikuwa desturi ya mzazi kula la kwake. Desturi ya mama kula kondo lake ilianza kuandikwa habari zake Marekani katika miaka ya 1970, wakati vijana waliokataa hospitali walipokuwa wakizalishana majumbani. Baadaye ikapanda ngazi: mwigizaji January Jones alisema hadharani mwaka 2012 kwamba alimeza kapsuli hizo, na Kim Kardashian akafuata mwaka 2015. Kwa hiyo mwalimu wangu hakuwa anafuata mizimu ya mababu. Desturi yake ni ya juzi, umri wake haufiki wangu.

Hoja yake ya pili ilikuwa wanyama. Kila mnyama anayenyonyesha, alisema, hula la kwake. Mwanadamu tu ndiye amesahau. Aliyekua na mbuzi uani hawezi kubisha sana. Mbuzi akishazaa humlamba mtoto, kisha hugeukia kondo na kulitafuna taratibu, yeye asiyegusa nyama maisha yake yote. Lakini ngamia hali, nyangumi hali, na binadamu naye haonekani kula. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, Sharon Young na Daniel Benyshek, walipekua maandishi kuhusu jamii 179 za duniani. Hawakukuta hata moja ambamo mama kula kondo lake ni desturi iliyokita. Walichokuta kwa wingi ni namna za kulihifadhi, kulizika na kuliheshimu.

Hayo ya kuzika nilikuwa nayo tayari. Kwa bibi yangu, Pangani, kondo lilifungwa kitambaa na kufukiwa uani, kazi ya mkunga na mwanamke mmoja mtu mzima, bila wanaume na bila maneno mengi. Waganda walilizika chini ya mgomba, kwa kuwa walilihesabu pacha wa mtoto. Jomo Kenyatta ameandika katika Facing Mount Kenya, kitabu cha mwaka 1938, kwamba Wakikuyu waliliweka kwenye shamba lisilolimwa na kulifunika kwa nafaka na majani. Popote pale, lilikuwa na mahali pake, na mtu mzima aliyejua ni wapi. Ndiyo maana mtu wa pwani akitaka kusema hapa ni kwao hasa, husema kitovu chake kimezikwa hapa.

Ila nisijivune. Mama wa leo wa Tanga anazalia hospitali au zahanati, na nyuma ya jengo kuna shimo la zege lenye mfuniko. Muuguzi anakagua kama kondo limetoka lote, maana kipande kikibaki damu haikatiki, kisha linakwenda shimoni pamoja na ya wenzake. Ni usafi, na ni salama. Lakini hakuna fomu, na mama haulizwi. Binti wa Portland anayetia saini apewe ndoo yake na binti wa Tanga anayeondoka mikono mitupu, aliye karibu na bibi yangu ni yupi? Nililitafakari hilo kwenye treni ya mjini nikakosa jibu la haraka.

Kuhusu dawa yenyewe, wale wale wa Las Vegas waliendelea. Waliwapa baadhi ya wazazi kapsuli za kondo, wengine kapsuli za nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, bila mama kujua anameza ipi. Katika kurudisha madini ya chuma mwilini, kondo halikuishinda nyama ya ng'ombe. Na kuna hatari. Hapo hapo Oregon, mwaka 2016, mtoto mchanga aliugua kwa bakteria wa streptokoka wa kundi B, akatibiwa hospitali akapona, akarudi nyumbani, na siku chache baadaye akaugua tena. Mama alikuwa akimeza kapsuli za kondo lake, mbili mara tatu kwa siku. Zilipopimwa zikakutwa na bakteria yule yule. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilichapisha habari hiyo Juni 2017 na kushauri kapsuli hizo ziepukwe. Mwanangu muuguzi anaijua taarifa hiyo vizuri. Alimweleza jirani yake kwa upole, jirani akasikiliza kwa upole vilevile, na chupa ikabaki mezani.

Mwenye kushangaa naye hushangaliwa. Nilipomsimulia mwalimu kwamba kwetu wajawazito hula udongo, ule wa kuokwa unaouzwa sokoni kwa mafungu, karibu na nyanya na dagaa, alishika shavu. "Udongo? Wa chini?" Hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu. Akaniuliza kwa huruma kama hauna minyoo.

Jioni nilimpigia dada yangu, mkunga mstaafu, nikitegemea kumshtua. Hakushtuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na nani anampikia?"

Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia ile nyumba upya. Mama mzazi wa mwalimu anakaa jimbo jingine, safari ya ndege ya saa nyingi; atakuja mwezi ujao. Mume alikuwa na siku chache tu. Sheria ya taifa ya Marekani, ya mwaka 1993, inampa mama wiki 12 za likizo bila mshahara, tena kama mwajiri wake ana wafanyakazi 50 au zaidi. Wiki 12 ni siku 84, hesabu ile ile iliyo katika sheria yetu ya kazi Tanzania, tofauti ni kwamba zetu zina mshahara, kwa wale wachache wenye ajira ya kuandikishwa. Oregon imejianzishia mfuko wake wa kulipia likizo tangu 2023, na mwalimu anaushukuru. Marafiki nao hawakumtupa: walijiandikisha kwenye orodha ya simu, kila mtu siku yake ya kupeleka chakula. Lakini chakula huachwa barazani ndani ya deli, kengele haigongwi, ili mama asisumbuliwe. Nilimwona kijana akiweka sufuria ya supu na kuondoka akinyata, mithili ya mwizi.

Kwetu anasumbuliwa mpaka basi. Siku arobaini anakandwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anapewa uji wa pilipili manga asubuhi na mchuzi jioni. Mchaga atapikiwa mtori. Wageni wanaingia, wanakaa, wanambeba mtoto aliyelala, wanamweleza mzazi alivyokonda. Wapo wanaotamani mlango ufungwe siku moja walale. Bado swali la dada lina jibu.

Nilimpikia mwalimu uji. Unga wa ulezi niliupata duka la Wahindi, pilipili manga ilikuwepo, samli pia. Alikunywa bakuli zima, akiwa na kapsuli zake mbili kiganjani, akazimeza kwa uji huo huo. Kisha akaniuliza unasaidia nini. Nikamwambia nilivyoambiwa na wakubwa: unaleta maziwa, unarudisha damu, unampa mzazi nguvu, unamwondolea unyonge.

Akacheka mpaka mtoto akashtuka. Nikacheka naye, maana kama angenidai karatasi ya chuo kikuu ya kuthibitisha, sikuwa nayo. Nilichukua bakuli, nikaliosha, nikamwambia kesho nitaongeza tangawizi.