Ngano na Sarufi

Wanaodhani kwamba usomi wa Kimarekani kuhusu Asia ya Kusini ulikuzwa na mapenzi ya fasihi peke yake, yafaa waikumbuke ngano. Kwa sheria ya Marekani ya 1954, India iliuziwa nafaka kwa rupia, ambazo sehemu kubwa yake ilibidi itumike humo humo nchini. Kuanzia 1962 Maktaba ya Bunge la Marekani ilizitumia kununulia maktaba za kwao vitabu vya lugha za India. Nayo American Institute of Indian Studies, iliyoasisiwa 1961, ikazitumia kuwagharimia watafiti. Lakini lugha haijifunzwi kwa vitabu tu. Hadi leo mwanafunzi wa Kitamili hupelekwa Madurai, wa Kiurdu Lucknow. Huko husahihishwa na mwalimu mwenyeji, ambaye jina lake, tasnifu ikishachapishwa, pengine huishia kwenye ukurasa wa shukrani.