Kabla ya Kuteremka Mai Mahiu

Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini, ukishapita Limuru ardhi hukatika ghafula. Bonde la Ufa hutandazika mbele yako kama mkeka, na Mlima Longonot umeketi katikati. Barabara hii ilijengwa na mateka wa vita Waitaliano, ambao mwaka 1942 walijenga pia kanisa dogo kando yake.

Mandhari yanapendeza, lakini mteremko huo hauna mzaha. Basi msomaji, kabla ya kuwapakia watoto, tazama dashibodi. Taa nyekundu ya duara lenye alama ya mshangao ikizidi kuwaka hata baada ya kushusha handibreki, huenda mafuta ya breki yamepungua. Usiondoke. Duara lenye vistari kando huashiria pedi zimelika: waya uliofichwa ndani ya pedi umefikia diski. Magari mengi hayana waya huo. Yana kibati kinachopiga mluzi. Usiongeze sauti ya redio, nenda gereji. Pedi iliyobaki milimita 3 haifai safari.

Na fundi akisema ataunganisha waya ili taa izime, mkatalie. Taa kuzimwa hakunenepeshi pedi.

Njiani tumia gia ndogo, kwani breki inayokanyagwa mfululizo hupata moto na kukosa nguvu. Ukifika kanisani, simama uwaonyeshe watoto ukuta wa bonde mlioushuka salama.